Nani Ameishika Simu?

Katika Kambi Muru ya Kibera, na vilevile katika vichochoro vya Kawangware, simu aghalabu si ya mtu mmoja: mama huondoka nayo alfajiri kwenda kibaruani, akirejea magharibi humpa mwanawe mkubwa afanyie kazi ya shule, na mdogo huipokea baadaye akatazama katuni mpaka bando liishe. Laini imesajiliwa kwa kitambulisho cha mama. Kwa hiyo ukurasa ukiupima umri kwa usajili wa laini, hukuta hati ya mtu mzima, ilhali macho yanayotazama ni ya mtoto wa miaka tisa.

Sheria zetu za Kenya hazikulala. Kifungu cha 33 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 chakataza kushughulikia taarifa za mtoto bila ya idhini ya mzazi au mlezi, na chamtaka mwenye kuzishughulikia aweke njia ya kuthibitisha umri, kwa kuzingatia ufundi uliopo na madhara yanayoweza kumfika mtoto. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mawasiliano ilitoa mwongozo wa kuwahifadhi watoto mitandaoni. Uingereza, tangu tarehe 25 Julai mwaka huo, hairuhusu tovuti ya picha za ngono kumfungulia mtu asiyethibitishwa kuwa mzima.

Lakini uthibitisho huo hupatikana vipi? Ama mtu hutaja umri wake mwenyewe, na huo si ushahidi. Ama huonyesha kitambulisho, ambacho Mkenya hapewi kabla ya kutimiza miaka 18. Ama hutazama kamera, programu ikaukadiria umri kwa sura yake. Njia hii ya tatu ndiyo inayosifiwa mno siku hizi, nami ndiyo niihofuyo, kwa kuwa uchunguzi wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, mwaka 2024 ulionyesha kwamba makosa ya programu hizo hutofautiana kwa jinsia na kwa eneo alikozaliwa mtu. Isitoshe, sura ni amana isiyoweza kubadilishwa kama ibadilishwavyo namba ya siri. Wakaazi wa Nairobi hawajasahau Agosti 2023, walipojipanga foleni katika ukumbi wa KICC ili mradi wa sarafu ya kidijitali wa Worldcoin uwapige picha za mboni za macho, serikali ikaisimamisha shughuli hiyo, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru taarifa zao zifutwe.

Zamani mlinzi wa sinema alimtazama mtoto usoni akamrudisha, wala hakubaki na picha yake. Leo mlango umo kiganjani, na wenye kuujenga ni makampuni yaliyo mbali. Hao ndio wa kubebeshwa dhamana kwanza, maudhui ya watu wazima yawe yamefungwa tangu mwanzo na mzima ndiye aombe kufunguliwa, badala ya kila mtoto kudaiwa uso wake.

Nawe mzazi, usingoje. Leo usiku, kabla hujampa mwanao simu, ingia katika mipangilio ya Play Store, washa udhibiti wa wazazi na uweke namba ya siri usiyomwambia. Kisha ingia YouTube uwashe hali yenye vizuizi. Haya yote hayagharimu hata shilingi moja.