Mikeno ipi? Majina ndani ya lugha za sheda

Ukimwambia motari wa Goma, yaani dereva wa pikipiki ya abiria, akupeleke Mikeno, hakuulizi kama una viatu vya kupanda mlima. Anakupeleka kartie ya Mikeno, komini ya Goma. Mlima wa jina hilo, wenye mita 4,437, hata haumpiti akilini. Komini ya pili ya mji inaitwa Karisimbi, kama volkano. Virunga ni hifadhi, ni kartie, tena ni soko. Hakuna anayepotea, kwa sababu kila jina lina pa kukaa: mji, komini, kartie, avenii. Baadhi ya lugha zinazochora picha kwenye simu zetu hazina ngazi hizo. Zina daftari moja la majina, na anayefika wa pili na jina lililokwisha kuandikwa hufukuzwa.

Lugha hizo ni lugha za sheda. Sheda ni programu ndogo inayoendeshwa na kichakataji cha picha ili kuamua rangi ya kila nukta ya skrini. Skrini ya nukta 1080 kwa 2400 ina nukta 2,592,000. Picha ikichorwa upya mara 60 kwa sekunde, sheda inaendeshwa zaidi ya mara milioni 155 katika sekunde hiyo. Kwa hiyo chochote tutakachoongeza kwa ajili ya raha ya mwandishi wa programu kisiache mzigo hata kidogo wakati wa kuchora. Majina lazima yaishie kwenye kompaila, programu inayoitafsiri sheda kabla haijaendeshwa.

Chukua ramani ya simu inayoonyesha Goma na volkano zake. Takwimu za mwinuko zinapatikana bure; chombo cha anga Endeavour kilizikusanya kwa rada mwezi Februari 2000. Faili moja ya sheda inaipa milima kivuli, jua likipiga kutoka kaskazini-magharibi kama ilivyo desturi ya wachora ramani. Nyingine inapaka Ziwa Kivu, lililo karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Ya tatu inapaka njia ya lava iliyotoka volkano ya Nyiragongo tarehe 22 Mei 2021. Waandishi ni watatu, na kila mmoja ameandika fanksheni inayopokea namba moja na kurudisha rangi. Wote wameiita "rangi". Kila faili peke yake inafanya kazi. Ziunganishe, kompaila inakataa: fanksheni hii imeshaandikwa.

Katika GLSL, lugha ya sheda iliyoingizwa rasmi katika mfumo wa michoro wa OpenGL 2.0 mwaka 2004, dawa ni ile ile tangu siku hizo: bandika kiambishi, "mlima_rangi", "ziwa_rangi", "lava_rangi". Inatosha mpaka uchukue maktaba ya mtu mwingine. Hata wenye lugha wamewahi kuwakanyaga watumiaji wao. Mwaka 2008 toleo la 1.30 lilileta fanksheni mpya ya kusoma picha, ikaitwa "texture", jina ambalo watu wengi walikuwa wameshavipa vigeu vyao. Aliyehamishia sheda zake kwenye toleo hilo alikuta kigeu chake kimeifunika fanksheni, na alipoiita, kompaila ikakataa. Metal ya Apple, iliyotoka 2014 na kujengwa juu ya C++, ilikuwa tangu mwanzo na maeneo ya majina, yaani ngazi kama zile za komini na kartie. HLSL ya Microsoft inayo. Slang, ambayo tangu Novemba 2024 inalelewa na shirika la Khronos, inayo pia. GLSL haina mpaka leo, na simu za Android bado zina programu nyingi zinazoitegemea.

Tuseme basi una kompaila yako ya lugha ya sheda, na unaiongezea maeneo ya majina. Wengi huanzia kwenye sarufi, na hapo kazi ni nyepesi: kubali neno la kufungua eneo, kubali "mlima::rangi", hakikisha nukta pacha mbili zinasomwa kama alama moja, kwa kuwa nukta pacha moja ina kazi zake nyingine. Jioni moja inatosha.

Daftari la majina linahitaji fikra zaidi, maana sasa linakuwa mti. Fanksheni iliyo ndani ya "mlima" ikiita "rangi" bila kusema ya wapi, kompaila inatafuta kwanza mle ndani, kisha inapanda ngazi moja, kisha nyingine, hadi nje kabisa. Ndivyo anavyofanya motari. Swali gumu ni kama itaendelea kupanda ikikuta "rangi" inayopokea aina nyingine ya data. C++ inasimama kwenye jina la kwanza, hata kama aina hazilingani, na mimi nakubaliana nayo. Ukichanganya ngazi zote, maana ya msitari inaweza kubadilika kwa sababu ya fanksheni iliyoongezwa faili tano mbali.

Kwa sababu hiyo hiyo nisingeruhusu mapema amri ya kumwaga majina yote ya eneo moja ndani ya jingine. Waandishi wataiomba, maana inawapunguzia kuandika. Lakini maktaba ikipata toleo jipya lenye jina moja zaidi, mgongano uliodhani umeuzika unafufuka katika programu ambayo hujaigusa.

Kazi nzito iko mlangoni pa kutokea, pale kompaila inapotoa matokeo yake. Ukitoa SPIR-V, lugha ya kati ya mfumo mwingine wa michoro uitwao Vulkan, mambo ni rahisi: humo kila kitu kinatambulishwa kwa namba, na majina ni maelezo tu yanayoweza kufutwa. Ukitoa GLSL kwa ajili ya simu, inabidi mti wote uulaze uwe orodha bapa. Wazo la kwanza la kila mtu ni kugeuza nukta pacha kuwa mstari wa chini. Linavunjika haraka: "mlima::theluji_rangi" na "mlima_theluji::rangi" yote yanakuwa "mlima_theluji_rangi". Mistari miwili ya chini nayo haifai, kwa kuwa GLSL imejiwekea akiba majina yote yenye mistari miwili mfululizo. Njia inayosimama ni ya kompaila za C++, kutanguliza urefu wa kila kipande: "N5mlima5rangi". Jina haliwezi kuanza na tarakimu, kwa hiyo mipaka haipotei. Hatuhitaji hata kubandika aina za data kama C++ inavyofanya, kwa sababu GLSL yenyewe inaruhusu fanksheni za jina moja zenye aina tofauti. Linalobaki ni kuwakataza waandishi kuanza majina yao kwa mtindo huo.

Kisha kuna mtego wa kimya. Programu ya ramani hupeleka mwelekeo wa jua kwenye sheda kwa kuuliza kigeu kwa jina lake, "jua". Ukikiweka kigeu hicho ndani ya "mlima", jina lake linageuka na programu haikioni. OpenGL hailalamiki: inarudisha -1, na thamani inayotumwa huko inapuuzwa. Jua linabaki sifuri, hesabu ya kivuli inatoa sifuri, na Nyiragongo inachorwa nyeusi tii bila ujumbe wowote wa kosa. Unaweza kutoa jedwali la majina ya zamani na mapya ili programu ilisome, lakini katika toleo la kwanza mimi ningekataza vigeu vya kutoka nje visikae ndani ya eneo lolote. Anayevitaka avitangaze juu kabisa, na kompaila imwambie hivyo waziwazi.

Kwa ujumbe wa makosa, jedwali halikwepeki. Dreva ya simu ikilalamika kuhusu "N5mlima5rangi" kwenye msitari wa 212, mwandishi hajawahi kuliandika jina hilo, na faili yake huenda ina misitari 40. Hifadhi faili, msitari na jina kamili la kila kitu kabla ya kuulaza mti, uyarudishe kabla ujumbe haujamfikia.