Mila ya nani hii iliyoandikwa kwa Kiingereza?

Mwacha mila ni mtumwa, walinena wahenga. Methali hii ina ndugu zake katika nchi nyingi za Asia. Kila unapozuka mjadala kuhusu sheria zinazowaadhibu watu wa jinsia moja wanaopendana, watetezi wake husema kwamba sheria hizo ni ngao ya mila dhidi ya tamaduni za Magharibi. Hoja hiyo haifai kujibiwa kwa kejeli. Hata hivyo, mwanaisimu akikabidhiwa matini, hana budi kuuliza kwanza: iliandikwa na nani, lini, na kwa lugha gani?

Tuanzie India. Rasimu ya Kanuni ya Adhabu ya nchi hiyo iliandaliwa katika miaka ya 1830 na tume iliyoongozwa na Mwingereza Thomas Babington Macaulay. Ilipitishwa mwaka 1860 na kuanza kutumika 1862. Kifungu chake cha 377 kiliharamisha kujamiiana "kinyume cha maumbile". Kutoka hapo maneno hayo yalisafiri pamoja na bendera ya mkoloni hadi Burma, Malaya na Singapore. Pakistan na Bangladesh ziliyarithi, na mpaka leo zimeyahifadhi kwa namba ile ile ya 377. Je, Waislamu wa Pakistan na Wabuddha wa Myanmar, wenye dini na lugha mbalimbali, waliwezaje kubuni mila moja yenye namba moja?

Nasi hatuko mbali. Kanuni hiyo ya India ilitumika Afrika Mashariki kabla ya Kenya kupata Kanuni yake ya Adhabu mwaka 1930. Kifungu chetu cha 162 kingali na maneno hayo, na adhabu yake ni kifungo cha miaka 14. Tarehe 24 Mei 2019 Mahakama Kuu ilikataa kukibatilisha.

Tuyatazame basi maneno yenyewe. "Maumbile" ni nini, na mpaka wake uko wapi? Kifungu hakisemi. Hakitaji hata jinsia moja, kwa hiyo mume na mke waweza kunaswa nacho vilevile. Jinai inapaswa kueleweka na raia kabla hajatiwa pingu. Neno lisilo na mpaka humpa mwenye rungu nafasi ya kuuweka mpaka apendapo, na kumtoza mnyonge fedha ili anyamaze.

Haki inadai tuseme pia kwamba si kila sheria ya aina hii ni mzigo wa Mwingereza. Iran na Saudi Arabia hutegemea tafsiri zao za Sharia, na adhabu yaweza kuwa kifo. Brunei ilianzisha adhabu ya kupigwa mawe mwaka 2019, kisha Sultani akatangaza kuwa haitatekelezwa. Iraq nayo ilipitisha mwaka 2024 sheria ya kifungo cha miaka 10 hadi 15. Hizo zina historia yake, na zijadiliwe kwa historia hiyo.

Wengine wamegeuka. Tarehe 6 Septemba 2018 Mahakama ya Juu ya India iliamua kwamba kifungu cha 377 hakiwahusu tena watu wazima walioridhiana faraghani. Mwaka 2022 Bunge la Singapore lilifuta kifungu cha 377A, na papo hapo likarekebisha katiba ili maana ya ndoa isibatilishwe mahakamani. Singapore inatufunza kutenganisha maneno matatu tunayoyachanganya: dhambi, aibu na jinai. Dhambi huhukumiwa na Mola, aibu na majirani, jinai na dola yenye magereza. Kufuta jinai si kubariki tendo.

Walimu wenzangu, wapeni wanafunzi matini hizi wazisome wenyewe. Anayetaka kuzitetea na azitetee kwa hoja zake, lakini asiziite urithi wa mababu. Maana kama mwacha mila ni mtumwa, tumwite nani yule anayeyalinda maneno ya bwana wake wa zamani akidhani ni mila yake?