Jenetiki ya Akili kwa Watoto wenye Upungufu wa Umakini: Mipaka ya Ushahidi katika Wilaya za Ngara na Biharamulo, Mkoa wa Kagera

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi asiyetulia darasani huitwa mtundu; akishindwa mitihani huitwa mzito. Majina hayo mawili yanapomwangukia mtoto mmoja, hukumu ya tatu hufuata bila kusemwa sana, nayo ni kwamba ndivyo alivyozaliwa. Tafiti za jenetiki za miaka ya karibuni zinaonekana, kwa mtazamo wa haraka, kuithibitisha hukumu hiyo. Makala hii inafafanua tafiti hizo zimegundua nini kuhusu uhusiano wa akili na upungufu wa umakini, na kwa nini matokeo yake hayawezi kuhamishwa moja kwa moja hadi kwa mtoto wa Ngara au Biharamulo.

2.0 Upungufu wa umakini na alama za akili

Kwa mujibu wa mwongozo wa Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani wa mwaka 2013, mtoto huhesabiwa kuwa na tatizo hili endapo ana dalili sita au zaidi za kutozingatia, au za utukutu na papara, kwa muda usiopungua miezi sita. Dalili kadhaa ziwe zimeonekana kabla ya umri wa miaka 12, tena katika mazingira mawili au zaidi. Sharti hilo la mwisho lina uzito wake. Mtoto anayehangaika darasani lakini huchunga mbuzi kutwa nzima bila kupoteza hata mmoja hajatimiza vigezo, hata kama mwalimu wake amekwisha kumhukumu.

Uchambuzi wa jumla wa Frazier na wenzake (2004) ulionyesha kwamba watu wenye tatizo hili hupata, kwa wastani, takribani alama 9 pungufu katika vipimo vya akili. Huo ni wastani tu. Wengi wao wamo katika kiwango cha kawaida, na wapo walio juu sana. Aidha, kipimo cha akili chenyewe humtaka mtoto akae, asikilize maelekezo na kuzuia jibu la haraka. Hivyo sehemu ya pengo hilo inaweza kuwa ni umakini uliopimwa kwa jina la akili.

3.0 Ushahidi wa vinasaba

Ushahidi wa awali ulitokana na mapacha. Mapacha wa kufanana hushiriki vinasaba vyote, na wasiofanana hushiriki takribani nusu. Sifa inayowaunganisha zaidi wale wa kwanza huchukuliwa kuwa na mchango wa urithi. Faraone na Larsson (2019), baada ya kupitia tafiti nyingi za aina hiyo, walikadiria kiwango cha urithi cha upungufu wa umakini kuwa asilimia 74. Kuntsi na wenzake (2004) walikwenda hatua moja mbele. Wakitumia mapacha wa miaka mitano wa Uingereza na Wales, walikuta kwamba asilimia 86 ya uhusiano kati ya dalili za tatizo hili na alama za chini za akili ilitokana na vinasaba vinavyoathiri sifa zote mbili.

Vinasaba hivyo ni vipi? Katika miaka ya 1990 watafiti walielekeza macho kwenye jeni chache zinazohusika na dopamini, hasa DRD4. Matumaini hayo yalififia. Demontis na wenzake (2023), wakilinganisha watu 38,691 wenye tatizo hili na wengine wengi wasio nalo, walibaini maeneo 27 katika jenomu, kila moja likiwa na athari ndogo mno. Kwa upande wa akili, Savage na wenzake (2018) walibaini maeneo 205 kutoka kwa watu 269,867. Orodha hizo mbili zinapolinganishwa, mwelekeo ni hasi: vinasaba vinavyoongeza uwezekano wa upungufu wa umakini huelekea kuambatana na alama za chini za akili na miaka michache ya masomo. Hakuna jeni moja ya uzito wa akili, na hakuna kipimo cha damu kinachoweza kuitambua.

Uambatani huo unaweza kuzalishwa kwa njia zaidi ya moja. Kinasaba kinaweza kuathiri ukuaji wa ubongo na hivyo kugusa sifa zote mbili. Kinaweza pia kuathiri umakini peke yake, kisha umakini hafifu ukamnyima mtoto mafunzo ambayo vipimo vya akili huyadai. Njia ya tatu hupitia kwa wazazi: Kong na wenzake (2018), nchini Iceland, walionyesha kwamba hata vinasaba ambavyo mzazi hakumrithisha mtoto huhusiana na elimu ya mtoto huyo, kwa kuwa huunda malezi anayoyapata. Katika njia mbili za mwisho, shule na malezi vinaweza kubadili matokeo.

4.0 Kiwango cha urithi na mgomba wa Kagera

Dhana ya kiwango cha urithi hueleweka vibaya hata na wasomi. Asilimia 74 haimaanishi kwamba robo tatu ya tatizo la mtoto fulani imetoka kwa wazazi wake. Ni kipimo cha tofauti kati ya watu, katika jamii fulani na mazingira fulani. Mgomba unatosha kuwa mfano. Machipukizi ya mgomba mmoja hubeba vinasaba vilevile vya mama yao. Yakipandwa mengine karibu na nyumba penye samadi, na mengine kwenye ardhi iliyochoka, tofauti yote ya uzito wa mikungu itatokana na udongo, na kiwango cha urithi kitakuwa sifuri, ingawa kila mkungu umejengwa kwa vinasaba. Zikipandwa aina nyingi katika shamba moja lenye rutuba sawa, kiwango hicho kitapanda karibu na mia.

Watoto waliochunguzwa Ulaya wengi wao walikua katika shamba la pili. Ngara na Biharamulo zinafanana zaidi na la kwanza, na hilo si dhana tupu. Uchunguzi wa Afya na Maendeleo ya Kagera, ulioanza mwaka 1991 na kuwafuatilia wahusika hadi 2004 na 2010, ulijumuisha wilaya zote mbili. (Mtafiti anayelinganisha takwimu za vipindi hivyo na za leo hana budi kukumbuka kwamba Chato ilimegwa kutoka Biharamulo na baadaye ikahamishiwa Mkoa wa Geita.) Kwa kutumia takwimu hizo, Beegle na wenzake waligundua kwamba mtoto aliyefiwa na mama hupoteza takribani mwaka mmoja wa masomo na sentimita 2 za kimo anapokuwa mtu mzima.

Mwishoni mwa Aprili 1994 takribani wakimbizi 250,000 kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara kwa muda wa siku moja hivi. Baez (2011) alilinganisha watoto wenyeji wa upande wa magharibi wa Kagera uliopokea wakimbizi na wale wa mashariki waliotengwa nao kwa vizuizi vya asili. Waliokumbwa na tukio hilo utotoni walikuwa wafupi kwa sentimita 1.8 walipofikia utu uzima, na ujuzi wao wa kusoma na kuandika ulikuwa chini kwa asilimia 7. Tofauti hiyo ililetwa na magonjwa na mabadiliko ya ghafla ya mazingira, ambayo hayagusi mpangilio wa vinasaba alivyorithi mtoto.

Malaria inaleta utata mkubwa zaidi, kwa sababu hushambulia umakini wenyewe. John na wenzake (2008), mjini Kampala, waliwapima watoto miaka miwili baada ya kuugua malaria ya ubongo. Asilimia 26.3 walikuwa na upungufu wa uwezo wa kiakili, na eneo lililoathirika zaidi lilikuwa umakini. Mtoto wa aina hiyo, akipimwa kwa dodoso la kawaida darasani, anaweza kuhesabiwa pamoja na wenye tatizo la kurithi. Historia ya degedege na homa kali, basi, inapaswa kuulizwa kabla ya historia ya ukoo.

Kikwazo kingine kimo katika takwimu za jenetiki zenyewe. Martin na wenzake (2019) walikadiria kwamba alama za jumla za vinasaba zilizoundwa kutokana na watu wa asili ya Ulaya hupungua usahihi kwa takribani mara 4.5 zinapotumika kwa watu wa asili ya Afrika. Sababu ni kwamba alama nyingi zinazotambuliwa si kisababishi chenyewe bali ni jirani yake kwenye kromosomu, na ujirani huo hutofautiana kati ya jamii. Mradi wa NeuroDev, unaochunguza jenetiki ya matatizo ya ukuaji wa ubongo huko Kilifi na Cape Town, umeanza kuziba pengo hilo.

5.0 Suala la upimaji

Watoto wengi wa Ngara huanza shule wakizungumza Kihangaza au Kishubi. Maelekezo marefu ya Kiswahili, wakati lugha hiyo bado haijazoeleka, humfanya mtoto makini aonekane kama asiyesikiliza. Kwa sababu hiyo dodoso lililotafsiriwa kwa Kiswahili pekee halitoshi. Mzazi au mlezi anapaswa kuhojiwa kwa lugha ya nyumbani, na kuhusu kazi ambazo mtoto huzifanya kwa hakika.

Utafiti wa Sternberg na wenzake (2002) karibu na Bagamoyo unaonyesha njia ifaayo. Wanafunzi 358 walipimwa, wakafundishwa mbinu za kutatua maswali kwa muda usiozidi saa moja, kisha wakapimwa tena. Alama zao zilipanda, na zile za baada ya mafunzo zilihusiana zaidi na uwezo wao katika vipimo vingine kuliko zile za mwanzo. Iwapo saa moja inaweza kubadili nafasi ya mtoto miongoni mwa wenzake, basi alama ya mara moja haistahili kuwa msingi wa kukadiria urithi wa akili yake, wala wa kumwamulia mwalimu ni nani wa kukalishwa nyuma. Utaratibu huo haudai maabara. Unahitaji mpimaji anayejua Kihangaza, muda wa saa chache kwa kila mtoto, na kadi yake ya kliniki.