Nyungu ya Mawe na Dola ya Ukimbu (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tuliishia mwaka 1865, mtemi Mnwa Sele wa Unyanyembe alipokamatwa na kukatwa kichwa. Ugomvi wake na Waarabu wa Tabora ulianza pale alipotaka bidhaa zao zitozwe ushuru. Mwaka 1860 wakamng'oa, wakamtawaza Mkasiwa badala yake, naye akaingia porini akawapiga vita kwa miaka mitano. Mara nyingi alijificha mashariki ya Tabora, katika nchi ambayo leo tunaiita Manyoni. Mwingereza Speke alikutana naye huko mwanzoni mwa 1861, akaombwa awe msuluhishi. Suluhu haikupatikana.

Kifo cha Mnwa Sele hakikuumaliza ugomvi. Katika ukoo wa kitemi wa Unyanyembe walikuwamo waliokataa kuishi chini ya Mkasiwa, na mmoja wao ndiye Nyungu ya Mawe, mtu mwenye jicho moja, ambaye naye aliona ana haki ya kiti. Alipokikosa hakukaa kukililia. Aliondoka Tabora na kundi la vijana, akaenda kujitafutia nchi.

Vitabu vyetu vya shule humpa Mirambo, jemadari wa Wanyamwezi wa wakati ule ule, kurasa kadhaa na Nyungu sentensi moja. Kwa msomaji wa Singida jambo hilo linauma zaidi, kwa kuwa sehemu kubwa ya kazi ya Nyungu ilifanyika katika pori la mkoa huu, naye alijenga kitu ambacho Mirambo, pamoja na sifa zake zote, hakukijenga.

Tuitazame kwanza hiyo nchi. Msafiri anayetoka Manyoni kwenda Itigi huona vichaka vilivyosongamana hata mbuzi akapata shida kupenya. Wapagazi wa karne ya 19 waliliita eneo hilo Mgunda Mkali. Njia kuu kutoka pwani ilipita Ugogo, ikaingia humo, ikatokea Tura na kufika Unyanyembe. Maji yalikuwa machache, chakula hakikupatikana kwa siku nyingi za mwendo, na msafara ukichelewa watu walikufa kwa kiu. Wenyeji wa pori hilo na la kusini yake, mpaka Rungwa na kuelekea Chunya, ni Wakimbu. Walikuwa wachache, wakiishi kwa kulima kidogo, kuwinda na kurina asali, na walihama mara kwa mara. Watemi wao walizidi thelathini, kila mmoja na watu wake wachache, misitu yake na matambiko yake. Pembe ya ndovu aliyeanguka katika ardhi ya mtemi ilikuwa haki ya mtemi. Katika miaka ambayo pembe iligeuka bunduki na nguo, haki hiyo ya kale ikawa utajiri, na hapo ndipo Nyungu alipotia jicho.

Jeshi lake lilikuwa la rugaruga: mateka, watoro, vijana waliopotezana na koo zao kwa vita na kwa biashara ya watumwa. Walivaa mapambo ya kutisha, walivuta bangi, walibeba magobori na mikuki, na hawakuwa na ndugu ila kundi lao. Simulizi za Wakimbu zinasema Nyungu aliwaita magogo, na vita vilipopamba moto aliamuru magogo mengine yaongezwe motoni. Hayo ni maneno ya mtu asiyehesabu roho za watu, na hatuna sababu ya kuyapamba. Vijiji vilichomwa, wanawake na watoto walichukuliwa, watemi waliokaidi waliuawa. Mwaka 1878 rugaruga wake walimuua Penrose, mhandisi wa chama cha wamisionari wa Kianglikana cha CMS, alipokuwa akipita Mgunda Mkali, na kuanzia hapo jina la Nyungu likasomwa mpaka London.

Ngome yake aliiweka Kiwele, ndani ya Ukimbu, katikati ya miaka ya 1870. Kutoka hapo alizitiisha nchi za watemi moja baada ya nyingine mpaka akaishika njia ya misafara yenyewe.

Mambo aliyoyafanya baada ya ushindi ndiyo yanayomtofautisha na majemadari wengi wa wakati wake. Mirambo alikuwa akimshinda mtemi, kisha mara nyingi humweka ndugu wa yule yule mtemi atawale kwa niaba yake, akitegemea woga umtie adabu. Nyungu aliona kwamba woga huisha jemadari akishageuza mgongo. Kwa hiyo alizikusanya nchi za watemi katika majimbo machache, na juu ya kila jimbo akamweka mtwale. Mtwale hakuwa mtu wa ukoo wa pale. Alikuwa kamanda wake mwenyewe, aliyepanda cheo katika rugaruga, asiye na kaburi la babu wa kudai ardhi katika jimbo hilo. Aliteuliwa Kiwele, na Kiwele ingeweza kumwondoa. Kazi yake kubwa ilikuwa kuhakikisha pembe za ndovu zinafika kwa bwana mkubwa bila kupungua njiani.

Na watemi wa zamani je? Wale waliokubali kutii aliwaacha. Waliendelea kuombea mvua na kutambikia mizimu ya nchi. Mtwale alichukua pembe na amri ya vita, mtemi akabaki na ibada. Kwa maoni yangu hii ndiyo akili kubwa aliyokuwa nayo, kwa kuwa mshindi anayevunja matambiko ya watu huwaachia sababu ya kumwasi kila mwaka mvua ikikosekana. Aylward Shorter, padri wa shirika la White Fathers aliyekusanya simulizi za Wakimbu katika miaka ya 1960 na kuchapisha kitabu juu ya watemi wao mwaka 1972, ndiye aliyeuweka mfumo huu katika maandishi kwa kina. Bila wazee waliokubali kuketi naye na kueleza, tungebaki na barua za wamisionari wenye hofu tu.

Pembe za Kiwele zilikwenda wapi? Zilibebwa mabegani mpaka Bagamoyo, zikavuka kwenda Unguja, na huko zilipita mikononi mwa Wahindi. Kuanzia miaka ya 1830 hadi 1876, isipokuwa kwa vipindi vifupi, forodha ya Unguja ilikodishwa kwa nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, watu wa Kutch. Kutch ilikuwa dola ndogo ya magharibi ya India, ikitawaliwa na ukoo wa Jadeja kutoka mji wa Bhuj, na mtawala wake akiitwa Rao. Waingereza walimwachia Rao kiti, mahakama na sherehe zake, wao wakashika mambo ya nje na jeshi. Mwaka 1869 Rao alitangaza kwamba raia wake walioko Unguja watakuwa chini ya Waingereza, na kwa tangazo hilo balozi wa Uingereza akapata mkono mrefu ndani ya biashara ya Sultani.

Nimeitaja Kutch kwa sababu mfumo huo wa India, wa kumwacha mfalme katika kiti na kumpokonya nguvu, ndio Waingereza waliouleta Tanganyika baadaye. Nyungu alikuwa ameshawafanyia watemi wa Ukimbu jambo linalofanana na hilo, bila kufundishwa na mtu, miaka hamsini kabla ya Gavana Donald Cameron kutia saini sheria ya tawala za wenyeji mwaka 1926.

Mirambo na Nyungu walikufa mwezi mmoja, Desemba 1884. Dola ya Mirambo ilianza kumeguka mara moja, na warithi wake hawakuweza kuzishika nchi alizozishinda. Ya Nyungu ilisimama. Kiti kilishikwa na binti yake, Mgalula. Mwanamke kuwa mtemi halikuwa jambo geni katika nchi hizo, lakini kuwaongoza makamanda wa rugaruga waliozoea damu ni jambo jingine kabisa. Watwale waliendelea kumtii na pembe ziliendelea kufika Kiwele. Kama Nyungu angekuwa jambazi tu, kama wageni walivyomwandika, magogo yake yangegawana mali siku ya mazishi na kutawanyika. Mgalula alitawala karibu miaka tisa.

Wajerumani walipopandisha bendera yao Tabora mwaka 1890, Mgalula hakuchagua vita. Tukumbuke kwamba adui wa ukoo wake alikuwa Unyanyembe, na mtawala wa Unyanyembe wakati huo, Isike, ndiye aliyekuwa akipambana na Wajerumani mpaka ngome yake ikaanguka Januari 1893. Kuna wanaomlaumu Mgalula kwa hilo. Mimi simlaumu. Alikuwa na deni la damu la tangu 1860, na hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba yeye na Isike ni watu wa taifa moja.

Mgalula alifariki mwaka huo huo wa 1893. Haikupita miaka mingi utawala wa Kijerumani ukaivunja dola. Watemi wadogo walitambuliwa kila mmoja peke yake, mtwale akapoteza kazi, na biashara ya pembe ikawekewa masharti ya serikali. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, Mgunda Mkali ikawa mahali pa kulala garimoshini. Waingereza walipokuja walishughulika na watemi hao hao wadogo, na mwaka 1963 Tanganyika huru ikafuta utemi kwa sheria. India iliwaondolea wafalme wake posho na vyeo mwaka 1971, miaka minane baada yetu.

Ukimbu leo umegawanyika kati ya Singida, Tabora na Mbeya, na mipaka ya mikoa haimkumbuki Nyungu. Katika sehemu ya tatu tutaelekea kaskazini mwa mkoa, kwa Wanyaturu, ambao hawakuwa na mtemi mmoja juu ya nchi yao yote, tuone wakoloni walimtafuta nani wa kumvisha cheo hicho.