Kijidudu cha Kipindupindu na Sumu Yake: Fundisho la Visima vya Kuze

Mkulima wa pwani apelekaye mazao yake Marikiti, Mombasa, huenda akalala kwa jamaa zake Mji wa Kale kabla ya kurudi shambani. Akipita mtaa wa Kuze ataona nyumba zimesongamana na vichochoro ni vyembamba. Nyumba za zamani za mji huu zilitegemea maji ya visima, na maji hayo yakitekwa huonekana maangavu, hata mtu akashawishika kuyanywa papo hapo.

Lakini kisiwa cha Mombasa ni mwamba wa matumbawe, nao una nyufa na matundu mengi. Uchafu wa chooni hupenya humo upesi, bila kuchujwa kama uchujwavyo na udongo mzuri. Basi maji maangavu si lazima yawe maji safi. Jambo hili lakuhusu wewe pia, ndugu mkulima wa skimu, ikiwa wanywa maji ya kisima ulichochimba mwenyewe karibu na nyumba yako.

MGENI WA TANGU ZAMANI

Kipindupindu kilifika pwani yetu mara kadhaa katika karne ya 19. Daktari James Christie, aliyefanya kazi Unguja, aliuona ugonjwa huo mwenyewe mwaka 1869 na 1870, akaandika kitabu kilichopigwa chapa mwaka 1876. Alieleza jinsi ulivyofuata njia za misafara kutoka bara hata pwani, ukavuka bahari hata Unguja. Miaka mingi baadaye, mwaka 1971, ulizuka Kenya, na tangu hapo umerudi mara nyingi.

Bomba la Mzima, lenye urefu wa kilomita 220 hivi, lilianza kuleta maji Mombasa mwaka 1957. Hata hivyo, siku mfereji ukikauka watu hukumbuka kisima.

KIJIDUDU HUFANYA NINI TUMBONI

Watu wengi hudhani kwamba kijidudu hiki hula matumbo. Sivyo. Chenyewe hujishikiza tu juu ya ngozi laini ya utumbo, wala hakiingii ndani ya nyama. Kinachomwangusha mtu ni sumu ambayo kijidudu hutoa.

Sumu hiyo ni protini, yaani ni kitu cha jamii moja na vile vijengavyo mwili, vilivyomo katika maziwa na kunde. Kijidudu kina kuta mbili. Vipande vya sumu hupitishwa ukuta wa ndani, huunganishwa katikati, kisha husukumwa nje kwa mlango maalum uliomo katika ukuta wa pili. Kila sumu ina vipande sita. Vitano hushika chembe ya utumbo, kama makucha ya kupe yashikavyo ngozi ya ng'ombe. Cha sita huingia ndani na kufungua njia ya chumvi isiweze kufungika tena. Chumvi hutoka mwilini ikimwagikia utumboni, na maji huifuata. Ni kama mfereji uliovunjika kishikio ukiwa wazi.

Aliyethibitisha jambo hili ni Bwana S. N. De wa Calcutta, India, mwaka 1959. Alichukua maji ambamo vijidudu vya kipindupindu vilikuwa vimekuzwa, akayachuja hata visibaki vijidudu, akayatia katika utumbo wa sungura. Utumbo ukajaa maji. Hivyo ilijulikana kuwa sumu peke yake yatosha kuleta maradhi.

Mtu mzima aliyeshikwa vikali aweza kupoteza lita moja ya maji kwa saa. Macho huingia ndani, ngozi hukunjamana, na aweza kufa kabla siku haijaisha.

MLANGO ULIOBAKI

Wazee wengine hukataza mgonjwa wa kuharisha asinywe maji, wakiona kwamba kila anywacho hutoka. Maji matupu kweli hayamfai sana. Lakini utumbo una mlango mwingine, ambao huingiza sukari na chumvi pamoja, nayo maji hufuata. Sumu ya kijidudu haiufungi mlango huo. Mwaka 1968 madaktari walioko Dhaka walionyesha kuwa mgonjwa anyweshwaye maji yenye sukari na chumvi hupona kwa kuhitaji maji machache sana ya kutiwa mshipani. Wagonjwa wakitibiwa vizuri na mapema, hafi hata mmoja katika mia.

Ukikosa pakiti ya zahanati, tengeneza hivi:

Maji safi yaliyochemshwa na kupoa, lita 1.
Sukari, vijiko 6 vidogo vya chai, vilivyosawazishwa.
Chumvi, nusu ya kijiko kidogo cha chai. Isizidi.

Mnyweshe kidogo kidogo bila kukoma, hata akitapika. Mtoto anyonyaye aendelee kunyonya. Na wakati huo huo apelekwe hospitali, usingoje kupambazuke.

KAZI YAKO SHAMBANI

Kwanza, choo kiwe mbali na kisima, angalau mita 30, tena upande wa chini wa mteremko. Penye mwamba wa matumbawe hata mita hizo huenda zisitoshe; kwa hiyo muulize Bwana Afya kabla hujachimba.

Pili, jengea kisima ukingo na kifuniko, na ndoo ya kutekea iwe moja tu, isiyowekwa chini.

Tatu, chemsha maji ya kunywa hata yatokote, au yatie dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa.

Nne, usioshe mchicha wa kupeleka sokoni kwa maji ya mtaro. Mtu wa Kuze aulaye hajui shamba lako, lakini tumbo lake litajua.

Vijidudu vingine navyo hutumia werevu huo huo wa kutoa sumu. Cha pepopunda hukaa udongoni na katika samadi, huingia kwa jeraha la jembe au mwiba, na sumu yake hukaza misuli. Chanjo huuzoeza mwili kuipinga sumu hiyo kabla haijaja. Ndama wachanga pia huharishwa na sumu za vijidudu vya tumboni, na maji yenye chumvi na sukari huwaokoa wengi. Bwana Mifugo atakuonyesha kipimo chao.

Kijidudu hakionekani kwa macho, lakini njia yake yaonekana wazi: hutoka chooni, huingia kisimani, hufika kikombeni. Njia hiyo waweza kuikata wewe mwenyewe kwa jembe, kifuniko na sufuria.