Usiuze nivo ya babu kwa kilo

Ndugu msomaji wa Kasongo, na wewe wa Kabambare unayeishi karibu na machimbo ya Namoya: je, chini ya kitanda cha mzee wenu hakuna kipande cha mbao au cha chuma chenye kioo kidogo, na ndani ya kioo povu linalotembea? Hiyo ni nivo. Wengine wanaiita pimamaji. Kama babu alikuwa mwashi, huenda ndiyo iliyonyoosha kuta unazoziona mpaka leo. Na kesho mnunuzi wa vyuma atapita, atauliza: "Kilo ngapi?" Ngoja kwanza.

Wamisri wa kale walijenga kwa mbao tatu zilizofungwa mfano wa herufi A, na uzi wenye jiwe ukining'inia katikati. Kumbe, karibu mwaka wa 1661, Mfaransa Melchisédech Thévenot akafikiri kufunga pombe kali ndani ya kioo na kuacha hewa kidogo. Kwa nini si maji? Shauri ya baridi ya kwao: maji yanaganda na kupasua kioo.

Basi pangusa vumbi usome jina. Ukikuta Rabone, hao ni watu wa Birmingham, Uingereza, walioanza kazi mwaka wa 1784. Stanley ya New Britain, Marekani, ilianza kutengeneza nivo na rula miaka ya 1850. Leonard Davis wa Springfield, Marekani, alipata hati ya uvumbuzi mwaka wa 1867. Nivo zake za chuma zina mapambo kama lango la tajiri, na wakusanyaji wanazitafuta sana. Huko Marekani chama cha wapenzi wa vyombo vya zamani kipo tangu 1933! Kwa hiyo usiisugue kwa msasa wala kuipaka rangi. Kitambaa kikavu na mafuta kidogo vinatosha.

Je, bado inasema kweli? Iweke juu ya meza, uone povu limeelekea upande gani wa meza. Kisha igeuze, mwisho wa kulia uwe kushoto, palepale. Povu likielekea upande uleule wa meza, kwa kiasi kilekile, nivo ni nzima. Likibadili upande, hii nivo inadanganya, na ukuta wako utadanganyika pia.

Kijana wa machimbo, usicheke. Mfereji wako wa kuoshea dhahabu unataka mteremko wa kiasi. Ukiwa mkali mno, maji yanabeba dhahabu. Ukilala mno, mchanga unajaa.

Leo jioni kaa na mzee, chukua daftari. Muulize: hii nivo ilitoka wapi? Nani alikufundisha? Ulijenga nyumba gani? Andika yote, funga karatasi pamoja na nivo. Siku mzee hayupo, mnunuzi wa vyuma hataweza kukuambia hayo.