Fahamu: Kwa nini ala yako ya mwanga imeng'ang'ania sauti moja?

Ala hii huchezwa bila kuguswa: unapitisha mkono juu ya kihisi cha mwanga, na kivuli kinapandisha au kushusha sauti. Ni jamaa wa theremini, ala iliyobuniwa Urusi na Leon Theremin karibu mwaka 1920, ingawa ile hutumia antena. Wengi huiunda kwa bodi ya Arduino, rezista na spika ndogo.

Ikilia bila kubadilika, usikimbilie kulaumu programu. Kagua rezista kwanza. Mwanga hubadilisha ukinzani wa kihisi, lakini bodi husoma volti. Bila rezista kati ya kihisi na graundi, haina cha maana cha kusoma. Tazama namba ambazo bodi inazituma kwenye kompyuta huku ukifunika kihisi kwa kiganja. Namba hizo, za kuanzia 0 hadi 1023, zisipotikisika, tatizo liko kwenye waya. Zikibadilika na sauti ikabaki ileile, huenda badala ya spika umenunua baza yenye saketi yake ndani, ambayo ina mlio mmoja tu.

Programu nyingi pia hupima mwanga kwa sekunde 5 za mwanzo. Usipopunga mkono wakati huo, ala haitajua mwisho wa giza ni wapi. Bonyeza kitufe cha kuanza upya, upunge.

Sauti ikitetemeka usiku, shuku taa: baadhi humetameta mara 100 kwa sekunde. Kabla hujanunua kihisi kingine, kijaribu ulicho nacho mchana, karibu na dirisha.